Maswali ya Wasomaji: Seti ya Gari ya Zamani Ikigoma Kukaa

Toleo hili ukurasa wote nimeutoa kwa modeli za magari za plastiki, zile seti za miaka ya 1960 na 1970, maana barua zimekuwa nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja: vipande havikai. Bodi haikai kwenye chesisi, kioo hakikai kwenye bodi, boneti inapanda upande mmoja. Nimechagua barua ambazo nikijibu moja nakuwa nimejibu watu wengi. Nimezifupisha kidogo ila maneno ni yenu wenyewe.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina seti ya kampuni ya Revell ya miaka ya 60, skeli 1/25 (yaani ndogo mara 25 kuliko gari la kweli), ile aina ambayo kila kitu kinafunguka, milango, boneti, buti, na bodi yenyewe haijaja nzima, imekuja mapande mapande unaiunga mwenyewe. Nimefuata karatasi ya maelekezo namba kwa namba bila kuruka hata moja. Sasa nimefika kwenye milango, wa kushoto hauingii kabisa na wa kulia una uwazi hadi ukucha unapita. Gundi ishakauka. Nimeharibu au seti ndo mbovu?

JIBU: Ndugu yangu, hujaharibu kitu na seti yako sio mbovu, ni ngumu tu, na ugumu wake una sababu zake. Karatasi ya maelekezo inakuambia kipande gani kinaenda wapi, lakini haikuambii kipande gani ukishakigandisha kinamfungia njia mwenzake. Kwenye seti yenye bodi nzima hiyo sio shida sana. Kwenye seti kama yako ndo shida yenyewe.

Angalia hivi. Moldi za enzi hizo, yaani zile kalibu za chuma zinazoipa plastiki umbo, hazikuchorwa kwenye kompyuta, mtu alichonga kwa mkono mfano mkubwa kuliko modeli yenyewe, halafu mashine ya kunakili ikaufuata ule mfano na kukata chuma kwa kipimo kidogo. Kila hatua ina kosa lake dogo. Juu ya hapo plastiki yenyewe, polistirini, ikipoa ndani ya moldi hunywea kama nusu asilimia hivi, yaani kwenye bodi ya sentimita 20 unaongelea milimita moja nzima. Mchonga moldi anaihesabu hiyo, ila sehemu nene na sehemu nyembamba hazinywei sawa, kwa hiyo upande mmoja wa bodi unaweza kutofautiana na mwenzake kwa unene wa karatasi. Bodi ikiwa kipande kimoja huoni kitu. Bodi ikiwa vipande sita au saba, kila kimoja na kikosa chake, vyote vinajumlishana na vinakuja kuonekana sehemu moja tu: kwenye uwazi wa mlango.

Sasa cha kufanya. Kwanza fungua ulichogandisha. Kama ulitumia gundi ya tyubu ya kawaida, weka bodi kwenye friza usiku mzima, asubuhi ishike pande mbili za kiungo uipinde kidogo kidogo, mara nyingi kiungo kinakatika chenyewe kwenye mstari wa gundi, maana gundi ya zamani ikipata baridi inakuwa kavu na inavunjika kirahisi. Kama ulitumia gundi ya maji, ile nyembamba inayoyeyusha plastiki, hapo friza haikusaidii sana kwa sababu vipande vimeshakuwa kitu kimoja. Utapitisha msumeno mwembamba au ukingo wa wembe kwenye mstari polepole mpaka viachane. Inachosha ila inawezekana, usilazimishe.

Ukishafungua, anza upya kwa mpangilio mwingine, na mpangilio huu hauko kwenye karatasi. Unga bodi yote kavukavu, yaani bila gundi hata tone, kwa tepu ya karatasi tu, MILANGO IKIWA NDANI YA NAFASI YAKE na chesisi ikiwa imekaa chini na ukuta wa injini uko mahali pake na kioo cha mbele kimewekwa. Vyote. Watu wengi wanajaribisha vipande viwili viwili, hii inakaa na hii, sawa, gundi, wanaendelea, na ndo maana wanakwama mwishoni. Seti ya namna hii inajaribishwa nzima au haijajaribishwa. Ukiwa umeshaifunga tepu hivyo, ichezee, sogeza ubavu, kandamiza paa, tafuta ni wapi ukisukuma uwazi wa milango yote miwili unakuwa sawa. Ukipapata, hapo hapo gusa viungo kwa brashi yenye gundi ya maji, tone dogo dogo, kwa ndani, usiiondoe tepu. Ile gundi inaingia yenyewe kwenye ufa. Acha mpaka kesho yake. Halafu kwa ndani ongeza vipande vya plastiki, kata kwenye ile fremu iliyobeba vipande, vilaze juu ya viungo ili bodi isije ikaachia ukianza kupiga msasa.

Uwazi ukibaki mkubwa usijaze puti kwenye ukingo wa mlango unaofunguka. Puti ya pale itamegeka siku ya kwanza tu. Gandisha ukanda mwembamba wa plastiki kwenye ukingo halafu uupige msasa taratibu mpaka ulingane. Na kumbuka rangi ina unene! Uwazi wa mlango kwenye gari la kweli ni kama milimita 4 au 5, gawanya kwa 25 unapata kama milimita 0.2 hivi, halafu wewe unapaka praima, rangi na klia (ile rangi angavu ya juu) kwenye ukingo wa mlango na kwenye ukingo wa bodi pia. Mlango unaoingia kwa raha kabla ya rangi unaweza kukwama baada ya rangi. Kwa hiyo acha nafasi kubwa kidogo kuliko macho yanavyotaka.

Bawaba za plastiki za seti hizi ni dhaifu, wengi wanazitoa na kuweka waya uliopindwa unaozunguka ndani ya kibomba chembamba. Kama hutaki kazi hiyo basi gandisha milango imefungwa, uache boneti na buti. Mimi naona ni uamuzi wa heshima kabisa, gari lenye mistari iliyonyooka na milango iliyofungwa linapendeza kuliko lenye milango inayofunguka halafu ubavu wote umepinda.

SWALI: Mkuu nina seti ya AMT ya zamani, bodi nzuri sana ila gari likisimama tairi moja linaning'inia hewani. Nimejaribu kukata ekseli haijasaidia. Nyingine, kuna ekseli ya chuma inapita KATIKATI YA INJINI, hii ni kawaida kweli?

JIBU: Ni kawaida, ndo walivyokuwa wanafanya. AMT walianza na magari madogo ya matangazo waliyokuwa wanawatengenezea makampuni ya magari ya Marekani, na walipotoa seti zao za kuunga za tatu kwa moja kuanzia 1958 (unachagua uliunge la kawaida, la kupambwa au la mashindano) ekseli ya chuma waliendelea nayo, ili gari liweze kusukumwa mezani. Kwa hiyo injini ikatobolewa tundu. Anayetaka injini ionekane ya kweli anaziba lile tundu, anakata ekseli vipande viwili vifupi na kuvigandisha kila kimoja upande wake kwenye sasipensheni. Magurudumu hayatazunguka tena, ila ni modeli ya kuangalia.

Tairi kuning'inia sasa. Usikate tena chochote. Toa chesisi peke yake uilaze juu ya kipande cha kioo bapa, kioo hakidanganyi, bonyeza kona moja moja uone ipi inapanda. Mara nyingi chesisi imejikunja kwa kukaa miaka mingi ndani ya boksi chini ya maboksi mengine. Dawa yake ni maji ya moto. Sio yanayochemka, polistirini inaanza kulegea kabisa karibu na nyuzi 100 na ukiitumbukiza kwenye maji yanayochemka itakupindia sehemu ambazo zilikuwa sawa. Tumia maji ya moto ambayo yametulia kidogo, tumbukiza nusu dakika hivi, toa, ipinde KUPITILIZA kidogo upande wa pili, shikilia hivyo hivyo uiingize kwenye maji ya baridi. Rudisha kwenye kioo uangalie. Rudia mpaka ikae. Kila mara kidogo, usitake kumaliza kwa mara moja.

Chesisi ikishakaa, ndo unaangalia ekseli. Simamisha magurudumu manne kavukavu juu ya kile kile kioo, gandisha matatu, la nne liache lijipatie kimo lenyewe huku gundi inakauka na gari limesimama. Hilo halitaning'inia.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimefungua boksi lililokuwa halijawahi kufunguliwa, nikakuta matairi yamelala juu ya vioo na kioo cha nyuma kimeyeyuka, kina alama ya tairi kama panya ametafuna. Hakuna moto wala jua lililopita hapo. Ni nini hiki?

JIBU: Marahaba. Pole sana, hiyo inauma kwa sababu hukufanya kosa lolote. Matairi ya seti za zamani ni ya vinaili laini, na vinaili inalainishwa kwa kuchanganywa na kemikali ya mafuta mafuta. Ile kemikali haikai, inatoka polepole miaka na miaka, na ikigusa polistirini inaiyeyusha. Ndo maana pia unakuta modeli iliyoungwa zamani rimu zake zimeliwa na matairi yamegandana nazo.

Kioo chenyewe, kama alama haijazama sana, piga msasa laini wa maji kuanzia namba 1000 kwenda 2000, halafu polishi ya plastiki au dawa ya meno kwa kitambaa laini, kisha kichovye kwenye polishi ya sakafu ile ya akriliki isiyo na rangi, ukitoe na kukiegemeza kwenye karatasi ya kunyonya. Utashangaa kinavyorudi. Kama kimezama hadi kimekunjamana basi tengeneza kingine kwa plastiki nyembamba ya vifungashio, ukikitumia kile kibovu kama kipimo.

Matairi yaliyobaki yatoe leo leo uyaweke kwenye mfuko wake peke yake. Na siku ya kuyavisha, zungushia rimu karatasi ya alumini au ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Rangi peke yake haizuii, ile kemikali inapita hadi kwenye rangi na kuifanya inate.

SWALI: Naweza kutumia supagluu kwenye vioo? Inakauka haraka.

JIBU: Usitumie. Mvuke wake unatua kwenye plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani na ukikosea unaifuta kwa maji.

SWALI: Fundi mimi ni dada niliyeanza juzi tu na hii kitu. Marehemu baba yangu aliunga gari kadhaa akiwa kijana, zipo, ila zimepakwa rangi nzito kwa brashi na gundi imemwagika kila mahali, bampa moja halipo. Natamani nizirudishe vizuri lakini naogopa kuziharibu maana ni kumbukumbu. Niziguse au niziache?

JIBU: Dada yangu, asante kwa barua hii, nimeisoma zaidi ya mara moja. Ushauri wangu ni huu: chagua moja uiache kama alivyoiacha mzee, na ile gundi yake na ile brashi yake, usiiguse zaidi ya kuifuta vumbi. Piga picha na zile nyingine kabla hujaanza. Halafu zilizobaki zirudishe, na anza na ile iliyochoka kuliko zote.

Kazi yenyewe inaanza na kufungua. Friza kama nilivyomwambia mwenzako hapo juu, na kwa bahati nzuri gundi nyingi iliyomwagika ndo inayoachia kirahisi, maana ilikauka juu juu haikuingia kwenye plastiki. Kila kinachotoka kiweke kwenye bakuli lake, injini peke yake, ndani peke yake. Vioo vitoe kabla ya kitu kingine chochote.

Rangi ya zamani ya mafuta inatolewa kwa mafuta ya breki au kwa spiriti ya isopropili. Mafuta ya breki yana nguvu zaidi, tumbukiza bodi kwenye chombo chenye mfuniko, acha hata siku nzima, sugua kwa mswaki wa zamani, osha kwa sabuni ya vyombo. Vaa glavu, usimwage kwenye sinki, na vipande vya vioo na vya kromu visikaribie kabisa. Usijaribu thina wala asetoni, hizo zinayeyusha plastiki yenyewe na hapo hakuna kurudi. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, chini ya chesisi kwa mfano, kwa sababu plastiki ya enzi hizo haifanani kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na magari madogo ya matangazo ya miaka ya 1950 hayakuwa polistirini kabisa, yalikuwa asetati, ambayo inapinda yenyewe na haielewani na dawa hizi wala na gundi zetu za kawaida.

Ukishatoa rangi utakutana na alama za vidole vya baba yako kwenye plastiki pale gundi ilipolainisha. Hizo uzipige msasa au uziache, hapo mimi siingii.

Bampa linalokosekana tafuta seti iliyovunjika ya aina hiyo hiyo, watu huuza vipande vya ziada, na kwa kuwa seti nyingi zilikuwa tatu kwa moja kuna wengine wana bampa hilo halijawahi kutumika kwa sababu wao waliunga la mashindano.

SWALI: Bro, nimenyunyiza rangi nyeupe juu ya plastiki nyekundu, kesho yake ikawa pinki. Nikaongeza nyeupe, ikawa pinki tena. Rangi mbovu?

JIBU: Rangi haina kosa. Zamani seti nyingi zilitoka kiwandani plastiki ikiwa na rangi tayari ili mtoto asihitaji kupaka, na ile rangi nyekundu iliyochanganywa ndani ya plastiki inayeyuka na thina ya rangi yako na kupanda juu. Ukiongeza nyeupe unaongeza thina, na thina inaivuta nyekundu tena, utaongeza mpaka mistari yote ya milango iishe. Toa rangi, rudi kwenye plastiki. Paka rangi ya fedha kwanza, ukungu mwepesi mwepesi mara kadhaa, iache ikauke kabisa, kisha praima ya kijivu halafu praima nyeupe, kisha ndo nyeupe yako. Jaribu kwanza ndani ya boneti uache siku mbili tatu uone kama pinki inarudi.

Na kabla ya yote hayo osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, moldi zilipakwa mafuta ili kipande kitoke, na mafuta hayo bado yapo mpaka leo. Halafu chimba mistari ya milango na boneti kwa mgongo wa kisu, pita pole pole mara nyingi, usitumie ncha. Mistari ya seti kuukuu, hasa zilizotolewa tena moldi ikiwa imechakaa, ni ya juu juu sana na rangi inaifukia. Nyunyiza dirisha likiwa wazi na uvae maski ya kuzuia mvuke, sio ile ya vumbi. Siku ya unyevunyevu usinyunyize laka kabisa, itatoka na utandu mweupe.

SWALI: Kromu ya grili na bampa ina mstari wa moldi katikati kabisa na pale ilipokatwa kwenye fremu kuna kidonda. Wengine wananiambia acha hivyo hivyo kwa sababu ni ya asili. Wewe unasemaje?

JIBU: Mimi natoa. Kromu ya modeli ni utando mwembamba sana wa alumini uliopigwa kwa mvuke juu ya vanishi, ndo maana huwezi kuupiga msasa bila kuutoa, na ule mstari wa katikati unaonekana toka mbali kuliko kosa lolote la rangi. Loweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo, ile ambayo watu wengi wanaiita jiki, utando unatoka ndani ya muda mfupi. Usiichanganye na kitu kingine chochote, hasa dawa yenye amonia au asidi ya kusafishia choo, hewa yake inaua. Vanishi ya njano njano inayobaki chini itoe kwa spiriti. Piga msasa mstari, ziba kidonda, halafu una njia mbili: rangi nyeusi inayong'aa sana kisha rangi ya kromu ya Alclad II juu yake kwa mashine ya hewa ya kunyunyizia rangi, au peni ya kromu ya Molotow kama huna mashine. Weusi ukiwa na vumbi kromu nayo itakuwa na vumbi.

Kwa zile pambo nyembamba za ubavuni na kuzunguka vioo, hapo hakuna rangi inayoshinda Bare-Metal Foil, ile karatasi nyembamba ya chuma yenye gundi nyuma. Laza, sugua kwa kijiti cha meno mpaka ifuate umbo, kata kwa wembe mpya. Mpya kweli, sio wa jana.

Na mwenye kromu nzuri isiyo na mstari, akwangue pale gundi inapokaa. Gundi inashika kromu, haishiki plastiki, na baada ya wiki bampa linaanguka na ngozi yake.

SWALI: Injini ya Monogram ya 1/24 itaingia kwenye bodi ya 1/25?

JIBU: Inaingia. Tofauti ni asilimia 4, injini ya sentimita 70 inakuwa milimita 29 badala ya 28, nani ataona. Magurudumu pia unaweza. Bodi na chesisi usichanganye, gari la mita 5 linatofautiana milimita 8.

SWALI: Nimepata seti ya zamani bado ina nailoni ya kiwandani. Rafiki zangu wote wanasema nikiifungua mimi ni kichaa. Nina hamu ya kuiunga. Naomba ukweli wako.

JIBU: Ifungue uiunge. Nasema hivyo nikijua watu watanikasirikia. Kwanza ile nailoni haihifadhi chochote, umesoma hapo juu tairi linavyokula kioo ndani ya boksi lililofungwa, na humo humo stika zinageuka njano, gundi ya tyubu imekauka na bodi inajipinda. Unahifadhi boksi tu.

Ila tofautisha. AMT, MPC na Jo-Han walikuwa wanatoa kila mwaka modeli ya gari la mwaka huo huo, na mwaka ukibadilika moldi ile ile inachongwa upya ifuate sura mpya ya gari. Kwa hiyo sura ya mwaka uliopita ikapotea kwenye chuma, haiwezi kurudiwa kwa moldi ile. Kama unayo ni ya namna hiyo, iunge kwa utulivu, usibadilishe bodi, usikate paa, na vipande vyote ambavyo hukutumia viweke kwenye mfuko vikae na boksi. Kama ni ile ambayo imeshatolewa tena na tena basi hata usifikirie mara mbili. Siku hizi Round 2, ambao ndo wenye AMT na MPC, wanachonga mpaka moldi mpya kabisa za baadhi ya zile zilizopotea, kwa hiyo hata hoja ya kwamba ni ya mwisho duniani inapungua nguvu.

SWALI: Fundi stika za maji za seti yangu ni njano na nikiweka moja kwenye maji imevunjika vipande vipande. Zilizobaki nizitupe?

JIBU: Usitupe. Njano kwanza: ziweke karatasi yote ndani ya mfuko angavu, zibandike dirishani zikitazama jua, siku kadhaa au wiki, utaona ule unjano unapauka, uziangalie kila siku ili rangi zenyewe zisije zikapauka pia. Kisha zikiwa kavu zipige klia ya laka juu, tabaka mbili nyepesi, ndo itakayoshikilia ile filamu ya zamani isivunjike. Kwa kuwa sasa karatasi nzima ni filamu moja, kata kila stika karibu kabisa na mchoro wake. Maji yawe ya uvuguvugu, na anza na ile usiyoihitaji. Bodi iwe inang'aa pale unapobandika, kwenye rangi iliyofifia hewa inabaki chini na stika inaonekana ya fedha. Dawa ya kulainisha kama Micro Sol ipake mwishoni tu, stika ikishakaa mahali pake, na itakapokunjamana usiiguse, itajinyoosha yenyewe ikikauka.